Maji ya Kilolo hayachemki kwa nyuzijoto 100

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme na walimu wenzangu, wakufunzi wa vyuo vya ualimu na wale wanaokaa kuandaa mitaala. Mimi ni mwanachuo wa Stashahada ya Ualimu. Kwa sasa niko kwenye mazoezi ya kufundisha, BTP kama tulivyozoea kuyaita, katika shule ya msingi iliyoko milimani, Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa. Nafundisha Sayansi na Hisabati, darasa la tano na la sita. Kwetu ni Pangani, ufukweni kabisa, na hilo nalitaja kwa sababu litahitajika mbele.

Nataka kuzungumzia umahiri, yaani mwanafunzi kuweza kulifanya jambo, si kulikariri tu. Tangu mwaka wa kwanza chuoni neno hili tunaamka nalo na kulala nalo. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imelikazia zaidi, ikaleta na mkondo wa amali sekondari ili kijana amalize shule akiwa na kazi mkononi. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Lakini mahali nilipoona kwa macho yangu umahiri ukifundishwa na kupimwa sawasawa ni jikoni kwa mama mwenye nyumba ninayopanga, nikijifunza kusindika nyanya kwenye chupa.

Anayesafiri kwa barabara kuu ya kwenda Zambia, akishamaliza kupanda Kitonga, anafika Ilula, na hahitaji kuuliza jina la mahali. Matenga ya nyanya yamepangwa kando ya lami, akina mama na vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi na ndoo kichwani. Mwaka ambao mvua imegoma au kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, ameingia shambani, tenga lina bei ya heshima. Mwaka ambao kila shamba limekubali, nyanya zinaiva kwa pamoja, madalali wanalijua hilo kabla ya mkulima, na bei inaporomoka mpaka mtu anaona heri ziozee mitini kuliko kulipa vibarua wa kuchuma na gari la kupeleka sokoni. Majuma hayo madawati ya nyuma darasani kwangu hubaki wazi, maana watoto wako shambani kuokoa kinachookoleka. Miezi michache baadaye, nyumba zile zile zinanunua nyanya za mafungu kwa bei ya juu, au kikopo cha nyanya kilichosafiri kutoka ng'ambo.

Mama mwenye nyumba wangu hanunui. Kwenye kabati lake lenye pazia kuna safu za chupa nyekundu za kumfikisha msimu hadi msimu. Kazi hiyo aliifunzwa na kikundi chao cha akina mama miaka mingi iliyopita, na ameifanya kila msimu tangu hapo. Nilipomwomba anifundishe, kwa kuwa nilikuwa naandaa mada ya bakteria na uhifadhi wa chakula, alinitazama mikono kwanza. "Njoo Jumamosi, mwalimu. Ila uje umenawa mpaka kwenye viwiko, na kucha uzikate."

Kazi inaanza na chupa kabla ya nyanya. Chupa ni za kioo, za nusu lita, zenye vifuniko vya bati vya kusokota ambavyo kwa ndani vina utepe wa mpira. Kila chupa inapitishwa kidole mdomoni, taratibu, mzunguko mzima. Ikikutwa na pengo, hata dogo kama punje ya mchele, inatolewa kwenye kundi. Hiyo itawekewa chumvi au viungo. Kifuniko kilichokwisha kufanya kazi hii hakirudiwi, kwa sababu mpira wake umeshabonyea. Chupa zikioshwa zinakaa kwenye maji ya moto mpaka zamu yao ifike, maana kioo baridi kikipokea nyanya ya moto kinapasuka.

Nyanya anazozipenda ni Tanya, zile zenye nyama nyingi na maji machache. Zenye doa zinapikwa siku hiyo hiyo, chupani haziingii. Anazitumbukiza kwenye maji yanayotokota hadi ganda lipasuke, anazihamishia kwenye maji baridi, ganda linamenyeka kwa vidole. Anazikata vipande, anaziponda kwa mwiko, zinachemka kidogo sufuriani. Halafu kwenye kila chupa, kabla nyanya haijaingia, anaweka robo kijiko cha chai cha ndimu ya unga (asidi ya sitriki). Nyanya inamiminwa, inaachwa nafasi ya upana wa kidole juu. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa kinapitishwa kandokando kutoa mapovu ya hewa. Mdomo wa chupa unafutwa kwa kitambaa safi, kifuniko kinafungwa, chupa zinasimamishwa ndani ya sufuria kubwa yenye kitambaa chini, maji yanazifunika kabisa na kupita juu ya vifuniko. Kuhesabu dakika kunaanza maji yakishachemka tena, si pale chupa zinapoingia.

Nilimuuliza habari ya ndimu. "Siweki kwa ajili ya ladha, mwalimu. Chupa isiyo na ndimu simpi mjukuu wangu." Anajua kwa nini, na alinieleza kwa maneno yake; mimi naongeza ya darasani. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Anaishi kwenye udongo, na akibanwa hujifunika ganda gumu ambalo kuchemsha kwa kawaida hakulivunji. Ndani ya chupa isiyo na hewa anapata mahali pa kuota, isipokuwa kama kuna tindikali ya kutosha. Mpaka wake ni pH 4.6, kipimo ambacho namba yake hushuka kadiri tindikali inavyozidi: chini ya hapo hawezi kuota, juu ya hapo anaweza, na sumu yake haina rangi wala harufu, hulegeza misuli mpaka pumzi ikakata. Nyanya ziko pembeni kabisa mwa mpaka huo, nyingine huku, nyingine kule. Ndimu inazihakikishia zote upande salama. Maharage, njegere, mahindi mabichi na nyama ziko mbali juu ya mpaka, na hata ukizichemsha chupani kutwa nzima kwenye sufuria ya kawaida hazitakuwa salama. Zinataka joto la nyuzi 116 au zaidi, ambalo hupatikana kwenye sufuria ya presha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Msomaji atakayetaka kujaribu baada ya kusoma barua hii, naomba sentensi hiyo asiiruke.

Sasa nifike kwenye dakika. Karatasi ya mafunzo, ambayo mama bado anayo, imechakaa na ina madoa ya nyanya, inasema chupa za nusu lita zichemke dakika 35. Kwa kalamu ya wino pembeni imeandikwa 45. Nikamuuliza hiyo 45 imetoka wapi. "Yule bibi aliyetufundisha alisema hiyo ya kwenye karatasi ni ya watu wa pwani. Ninyi wa milimani ongezeni kumi. Tukamwambia hatuongezi mpaka utuambie sababu. Akatuambia maji ya huku yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Hilo tulilijua. Wewe huoni maharage yanavyokaa jikoni hapa kuliko kwenu?"

Naomba msomaji alitazame tukio hilo kama ninavyolitazama mimi. Wakulima wanapewa maelekezo, wanakataa kuyatekeleza mpaka wapewe sababu, mkufunzi anatoa sababu, nao wanaipima kwa maharage waliyoyapika maisha yao yote. Wakikubali, wanaandika kwa kalamu yao. Nimesoma nadharia nyingi za ufundishaji unaomlenga mwanafunzi, na mfano ulio wazi kuliko huo sikuwahi kupewa.

Muda mfupi baadaye ilinifikia mada ya hali za maada, darasa la tano. Niliuliza kama kawaida: maji huchemka kwa nyuzijoto ngapi? Darasa zima likaitika, "Mia mojaaa!" Walijifunza hivyo, kitabu kinasema hivyo, na huko Pangani nilikozaliwa ni kweli tupu. Nilikuwa nimeazima kipimajoto shule ya sekondari ya jirani. Tukatoka nje, tukawasha jiko la mkaa chini ya mti, sufuria juu. Kipimajoto kilining'inizwa kwa uzi kisiguse chini, na watoto wakawa wanakuja kwa zamu kusoma na kuandika. Themanini. Tisini. Tisini na tatu. Maji yakaanza kutokota. Tisini na tano, mstari ukasimama.

"Bado, mwalimu," wakasema. Tukangoja. Mmoja akaongeza mkaa, mwingine akapepea kwa kipande cha boksi. Maji yakawa yanaruka nje ya sufuria, na mstari uko pale pale. Wakanong'onezana, kisha mmoja akatoa hukumu ya wengi: "Kimeharibika." Binti mmoja akasema tuazime kingine tuone. Wazo hilo halikuwa langu, ni lake, na ndilo hasa ambalo mtu anayefanya kazi kwa uangalifu angelifikiria. Kingine kikaletwa kesho yake. Tisini na tano.

Hapo ndipo tulipoanza somo lenyewe. Mji wa Iringa uko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inayokandamiza uso wa maji inapungua, na maji yanapata njia ya kugeuka mvuke mapema zaidi. Kwa makadirio, nyuzi moja inapungua kila unapopanda mita 300 hivi. Watoto wakafanya hesabu ya kugawanya kwenye udongo kwa kijiti, wakapata tano na kidogo. Kwa mara ya kwanza nikaona darasa la tano likigawanya kwa sababu lilitaka kujua jibu. Nikawaambia habari za chupa na zile dakika kumi. Nusu ya darasa wanamfahamu huyo mama, wengine wamekula nyanya zake.

Kisha kijana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo kwenye mtihani tuandike ngapi?"

Nilimjibu kwamba kama swali ni la usawa wa bahari, aandike 100, na kama ni la hapa, 95. Akasema, "Swali halisemi wapi."

Ni kweli. Halisemi wapi. Mtoto yule hakuwa anabisha, alikuwa ananiuliza jambo la maisha yake, kwa sababu alama zake zinategemea jibu la kitabu wakati macho yake yameona kitu kingine. Nimelala na swali hilo usiku mwingi. Tunamfundisha mtoto kwa miaka kwamba akikuta kitabu na kitu vinapingana, kitu ndicho kibovu. Watoto wangu, wenye akili timamu, waliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba kipimajoto kimekufa kuliko kwamba sentensi ya kitabu ina mahali pake. Halafu tunashangaa kijana wa Kidato cha Nne anaporudi kijijini na hawezi kuutumia mstari hata mmoja wa alichosoma.

Jikoni kwa mama, mwenye kauli ya mwisho ni chupa. Zikishatolewa kwenye maji, zinapangwa juu ya kitambaa mahali pasipo na upepo, na hakuna anayezigusa. Zinavyopoa, kilichomo ndani kinasinyaa, ombwe linavuta kifuniko, na katikati ya bati panabonyea kwa mlio mfupi, to! Ukikaa hapo unasikia moja, baadaye nyingine. Kesho yake anazipitia moja moja kwa kidole gumba. Iliyobonyea na kutulia imefunga. Ile ambayo bati linapanda na kushuka chini ya kidole haijafunga, na hapo hakuna mjadala. Hakuna chupa iliyofunga kwa asilimia 60. Sisi huku Kidato cha Nne alama 30 ni daraja D, na D ni ufaulu.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kinachofuata. Chupa ambayo haijafunga haitupwi wala haipangwi kabatini pamoja na nyingine ili safu ionekane imekamilika. Ndani ya saa 24 inafunguliwa, mdomo unakaguliwa upya, nyanya inapashwa moto, kifuniko kipya kinawekwa, inarudi kwenye maji kwa dakika zile zile 45. Kila Jumamosi ya kusindika ina Jumapili yake ya kurudia. Mama hahesabu hiyo kama hasara, ameshaipangia kuni.

Azimio la kazi langu halina Jumapili hiyo. Mada hii majuma mawili, ile majuma matatu, mpaka mwisho wa muhula, bila nafasi. Mwezi uliopita nilifundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti darasa la sita. Nilipokusanya madaftari niliona wazi kuwa zaidi ya nusu wanajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili: nusu jumlisha theluthi wanapata mbili ya tano. Jibu hilo ni dogo kuliko nusu waliyoanza nayo, na hakuna aliyeshtuka. Azimio la kazi likasema Jumatatu tunaanza desimali. Mwalimu anayeanza desimali na darasa la namna hiyo anapanga kabatini chupa zisizofunga, na anajua.

Walimu wanaosoma hapa wanafahamu kilichoko chini ya kila andalio la somo: tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu, maoni. Tunafuata hatua zote za somo, kisha tunaandika, "Asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa. Wachache ambao hawakuelewa watasaidiwa." Sentensi hiyo nimeikuta imeandikwa kwenye maandalio ya miaka iliyopita, ya walimu tofauti, karibu neno kwa neno. Watasaidiwa lini? Kipindi gani? Simlaumu mwalimu mwenye darasa ambalo watoto wanabanana watatu watatu kwenye dawati, anayefundisha vipindi mfululizo, na jioni ana madaftari mpaka kidevuni. Hajapewa muda wa kurudia, kwa hiyo anaandika kinachomruhusu kusonga mbele.

Alipokuja mkufunzi kunikagua alikuwa na fomu yake. Alinitendea kwa haki na upole, na nilipata alama nzuri. Aliangalia andalio, nukuu, zana, sauti, mpangilio wa ubao, namna ninavyouliza maswali. Katika muda wote aliokuwa nasi hakufungua daftari la mtoto hata mmoja. Fomu haikumtaka afanye hivyo. Ndiyo kusema mimi ninayesomea ufundishaji wa umahiri nimepimwa kwa kila kitu isipokuwa kama kuna mtoto aliyeweza jambo jipya baada ya mimi kuingia darasani. Mama yangu wa chupa angepimwa kwa fomu hiyo, angepewa maksi za namna alivyofunga kilemba na usafi wa mwiko, na kifuniko kisingebonyezwa.

Njia hii ya kuhifadhi chakula ina historia inayonipa moyo. Nicolas Appert, Mfaransa aliyekuwa mpishi na mtengeneza vitu vitamu, aliichapisha mwaka 1810 na serikali yake ikampa faranga 12,000. Hakuwa na habari za bakteria. Louis Pasteur alikuja kuyaeleza hayo nusu karne hivi baadaye. Alichokuwa nacho Appert ni chupa zenyewe, zilizoharibika na zilizodumu, na uvumilivu wa kuzitazama mwaka baada ya mwaka. Maelezo yalipokuja yaliikuta kazi inaendelea, na yakaiongezea nguvu. Mkono na sababu vinahitajiana, na kwenye karatasi ya mama, ile 45 ya wino, vimekutana.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, moja ya lawama zake kwa shule tulizorithi ni kwamba zinamfanya kijana aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yako vitabuni na kwa waliosoma, na kwamba wanachokijua wazee wake si kitu. Wazazi wengi niliozungumza nao huku wanaikumbuka siasa hiyo kwa jembe: kulima shamba la shule alfajiri, tena mara nyingi kama adhabu. Jembe lilibaki, swali la kwa nini likaachwa. Naogopa elimu ya amali nayo isije ikafika hapo, watoto wakawa wanakoroga sabuni na kupika jamu kwa kunakili hatua za ubaoni, wakafanyiwa mtihani wa kuandika hatua hizo kwa mpangilio.

Nimeshaambiwa na mwenzangu mmoja kwamba ninataka watoto wa wakulima wabaki kwenye nyanya huku wa mjini wakifundishwa kompyuta. Hoja hiyo naiheshimu, maana kweli kuna hatari mkondo wa amali ukageuzwa kuwa chumba cha wale tuliowakatia tamaa. Jibu langu ni kwamba somo nililolieleza lilikuwa la kanieneo ya hewa, kugawanya, na kupima kwa uangalifu. Mtoto wa Kilolo aliyeelewa kwa nini maji yake yanachemka kwa 95 ameanza fizikia, na anaweza kufika nayo popote. Sitaki kila shule isindike nyanya. Kule kwetu Pangani ningeenda kwa wavuvi na wakaanga samaki, au kwa fundi wa mashua. Na kusindika kwenyewe sikupambi: vifungashio ni ghali, vifuniko vipya vinaagizwa kutoka mbali, dakika 45 za kuchemsha zinakula kuni nyingi, na kwa kaya nyingi kukausha nyanya juani kunaweza kuwa nafuu zaidi. Hayo nayo ni hesabu nzuri ya darasa la sita, kama azimio la kazi lingeturuhusu.

Ninachoomba ni mambo ya kawaida. Vyuo vya ualimu vimtake kila anayekwenda BTP ajifunze kazi moja ya mahali alipopangiwa, kutoka kwa mtu anayeiishi, mpaka aweze kuifanya mwenyewe, na aandike ni somo gani la mtaala limo ndani yake. Shule ziruhusiwe kumleta mtu huyo darasani na kumlipa posho, kama tunavyomlipa mwezeshaji yeyote kwenye semina. Mama huyu alikuja darasani kwetu kwa hiari yake, akasimama mbele ya watoto na chupa mbili, moja imefunga na nyingine haijafunga, akawaacha wabonyeze. Alitumia nusu ya kipindi na hakumaliza chaki. Waandaaji wa mitaala waache majuma matupu kwenye kila muhula, yasiyo na mada, kwa ajili ya kurudia kilichoshindikana. Na watunga mitihani wanapouliza maji huchemka kwa nyuzi ngapi, waseme wapi.

La mwisho naliomba kwa wakufunzi wetu, na hili halihitaji bajeti wala waraka. Mnapokuja kutukagua, baada ya kufunga fomu, chukueni madaftari matano yoyote kutoka kwenye rundo. Waiteni watoto watano wenye madaftari hayo, mkae nao kwenye benchi nje, mwaulize wafanye swali moja la mada ya mwezi uliopita, si ya siku hiyo. Matokeo yake yaandikeni kwenye alama zangu. Mzunguko wa pili wa ukaguzi kwa shule yetu bado haujafika, kwa hiyo muda upo wa kuanza muhula huu huu.

Mwalimu wa mazoezi,
Kilolo, Iringa.